Fani isiyoulemea mkeka: jinsi ya kuunda fani ya mhusika na kuipima mizani yake

Jioni moja tulikaa barazani Chikongola, hapa Mtwara mjini, watu watano, mkeka mmoja na taa ya sola, tukicheza mchezo wa simulizi: kila mtu anaigiza mhusika wake, na dadu huamua kama tendo limefanikiwa. Mazimwi watatu walikuwa wametokea kwenye mikoko. Binamu yangu, aliyecheza Mganga, akafungua tunguri ya kwanza, kisha ya pili, na duru ya pili haikuisha mazimwi wote wakawa chini. Dada mmoja anayeuza vitenge sokoni alikuwa na Msasi. Alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kazini, hata chakula cha jioni hajala. Akaweka dadu chini polepole na kuniuliza, "Kaka, mimi nimeitwa kucheza au kutazama?"

Mganga yule nilimuunda mimi, na nilipiga hesabu zake vizuri. Kosa langu lilikuwa kuzipiga kwa siku ambayo haikuwahi kuchezwa. Mwongozo huu umetokana na swali la dada yule. Ninachotaka kukuonyesha ni namna ya kuunda fani na kuipima kwa jioni yenu halisi: saa mnazokaa, mapambano mnayopigana, na watu wanaofika kweli.

Kwanza tuelewane maneno. Mtambaji ndiye anayeongoza simulizi. Fani ni aina ya mhusika pamoja na uwezo wake, kile ambacho wengine hukiita klasi. Mimi napenda fani kwa sababu mhusika hujulikana kwa kazi yake, kama watu walivyo kwetu. Zamu ni nafasi ya mtu mmoja kutenda. Duru imeisha pale kila mtu, mazimwi wakiwemo, anapomaliza zamu yake. Uhai ni kiasi cha mapigo mhusika anachoweza kubeba kabla ya kuanguka.

Hatua ya 1: Ijue dadu uliyo nayo

Michezo mingi ya aina hii iliyoandikwa Marekani hutumia dadu ya pande 20. Kwetu hazipatikani kwa urahisi. Dadu za ludo ziko kila duka, kwa hiyo sisi tunarusha mbili za pande sita na kujumlisha. Hilo linabadilisha hesabu yote, na ukinakili fani ya kigeni bila kuliangalia utaharibu mchezo.

Katika dadu ya pande 20, kila nyongeza ya moja ina uzito uleule: asilimia 5. Dadu mbili za ludo zina matokeo 36, na hayakusambaa sawasawa, kwa sababu saba hupatikana kwa njia sita na kumi na mbili kwa njia moja tu. Andika hesabu hii nyuma ya daftari lako. Kupata 7 au zaidi ni njia 21 kati ya 36. Kupata 8 au zaidi ni 15. Kupata 9 au zaidi ni 10. Kupata 10 au zaidi ni 6, na 11 au zaidi ni 3.

Sasa tazama. Kizingiti chetu cha kawaida cha kumpiga adui ni 8, yaani 15 kati ya 36. Mpe mhusika nyongeza ya moja, anahitaji 7 tu: 21 kati ya 36, karibu asilimia 58. Umempa ongezeko la karibu asilimia 17 kwa tarakimu moja. Ndiyo maana kwenye mkeka wetu hakuna fani inayoanza na nyongeza ya kulenga ya zaidi ya moja, na hakuna inayovuka mbili hata ikikua. Wachezaji huomba tatu. Wakatalie kwa upole, na uwaonyeshe daftari.

Hatua ya 2: Tafuta kazi, kisha itazame sehemu tatu

Fani nzuri huanza na mtu unayeweza kumwona. Simulizi yetu iko kwenye pwani ya zamani, kutoka Kilwa hadi mdomo wa Ruvuma, enzi zile Kilwa inafua sarafu zake za shaba na Ibn Battuta anapita mwaka 1331. Humo sikuona sababu ya kuazima mashujaa wenye deraya za chuma. Nina Nahodha anayejua kaskazi na kusi. Nina Msasi, Mganga na Mchongaji wa kutoka uwanda wa Makonde. Na nina Mrina Asali, ambaye nitamtumia kama mfano kwa sababu alinifundisha zaidi ya wote.

(Mchongaji huyu ana vinyago, na nilivutiwa sana kumpa mapiko, yaani barakoa za ngoma za Wamakonde. Lakini mapiko yamefungamana na jando, na mambo ya jando hayakai mkekani mbele ya kila mtu. Nikamwachia vinyago vya kubuni tu. Ukiunda fani kutokana na jadi ya watu, waulize wenyewe kwanza ni kipi cha kuchezea na kipi hapana.)

Ukishaipata kazi, jiulize maswali matatu: vitani anafanya nini, safarini anafanya nini, na barazani, yaani kwenye mazungumzo na wenyeji, wazee na majumbe, anafanya nini. Kila fani iwe na jibu katika sehemu zote tatu. Iwe bora katika moja, iwe ya kawaida katika nyingine, na ya tatu angalau iwe na neno la kusema. Fani yenye jibu vitani peke yake humfanya mchezaji achezee simu nusu ya jioni.

Tahadhari moja hapa. Dungeons & Dragons, mchezo wa aina hii wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulipotoka mwaka 1974 ulikuwa na fani tatu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwizi akaongezwa mwaka 1975, akiwa na ujuzi wake wa kunyata na kufungua makufuli. Lilikuwa wazo zuri, lakini lilikuja na tatizo ambalo wabunifu wanalijadili hadi leo: ukimwandikia mtu mmoja kwamba anajua kunyata, wengine huanza kuamini kwamba hawawezi hata kutembea kimya. Kwa hiyo nikimwandikia Mrina kwamba anapanda miti, naandika kwamba anapanda bila kurusha dadu. Wengine wote wanaruhusiwa kujaribu kwa kurusha.

Hatua ya 3: Hesabu pigo kwa jioni yenu

Hapa ndipo nilipoangukia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Msasi wangu ana mshale wa dadu moja kujumlisha 2. Wastani wa dadu moja ni 3.5, hivyo mshale ni 5.5. Anapiga kwa 7, yaani 21 kati ya 36. Zidisha: kila zamu yake ina thamani ya 3.2 hivi.

Mganga alikuwa na tunguri nne kwa siku. Kila tunguri ilipiga dadu tatu bila kukosea, wastani 10.5. Tunguri zikiisha anabaki na bakora: dadu moja, kizingiti 8, karibu 1.5 kwa zamu.

Nilidhani siku ya wahusika itakuwa na mapambano manne, kila moja duru nne, jumla zamu 16. Msasi: 3.2 mara 16, kama 51. Mganga: tunguri nne ni 42, na zamu 12 za bakora ni 17 na ushei, jumla kama 60. Mganga yuko juu kidogo, ila hana nguvu za mwili. Nikaridhika.

Lakini sisi hukutana baada ya Isha na kuachana kabla ya saa tano. Muda huo tunapigana pambano moja, mara chache mawili, na wahusika wakilala tunguri hujaa tena. Rudia hesabu kwa pambano moja la duru nne. Msasi ana 12.8. Mganga, ambaye hana sababu ya kubana tunguri yoyote, ana 42. Zaidi ya mara tatu. Dada wa vitenge aliiona tofauti hiyo kwa macho kabla sijaiona kwa kalamu.

Kwa hiyo kabla hujaandika namba yoyote, hesabu jioni tano zilizopita: mlipigana mapambano mangapi, na kila moja lilichukua duru ngapi? Wastani huo ndio kipimo chako. Fani inayotumia akiba ipewe akiba kwa kipimo hicho. Mganga wangu sasa ana tunguri moja kwa kila pambano, ya dadu mbili. Hesabu yake: 7 ya tunguri, na zamu tatu za bakora ni 4.4, jumla 11.4. Yuko chini ya Msasi kidogo, na ni haki, kwa sababu tunguri ileile anaweza kuitumia kumtibu mwenzake badala ya kupiga.

Kama hupendi kuhesabu kwa pambano, kuna njia nyingine: acha tunguri nne, lakini zijazwe mahali maalumu tu, mfano kisima fulani au kijiji chenye mganga mwenzake, kamwe usiku kwa kulala. Njia hii ni tamu zaidi kwenye simulizi. Inamdai mtambaji awe makini na ramani.

Tofauti gani inavumilika? Kwa uzoefu wangu, robo. Fani zote zikiwa kati ya 10 na 13 kwa pambano, hakuna anayelalamika. Moja ikifika 16, minong'ono huanza.

Hatua ya 4: Uhai na kinga

Uhai uhesabu kwa mapigo. Zimwi wetu wa kawaida anapiga dadu moja kujumlisha 1, wastani 4.5. Mhusika mwenye uhai 9 anaanguka kwa mapigo mawili, mwenye 12 kwa matatu. Kuongeza uhai kutoka 12 hadi 13 mara nyingi hakubadilishi kitu, kwa hiyo usipoteze muda kubishania pointi moja.

Kinga ni jambo jingine, na ndiyo hatari. Ngao ikipandisha kizingiti cha adui kutoka 8 hadi 9, mapigo yanayompata mhusika yanashuka kutoka 15 hadi 10 kati ya 36: theluthi nzima imeondoka. Kutoka 9 hadi 10, yanashuka hadi 6. Kutoka 10 hadi 11, yanabaki 3, nusu ya yaliyokuwepo. Kila ngao inayofuata ina nguvu kuliko iliyotangulia. Weka dari kwenye 10, na asiivuke yeyote kwa njia yoyote, hata kwa dawa, hirizi na ngao vikikusanywa pamoja.

Hatua ya 5: Zamu ya pili ndiyo kitu ghali kuliko vyote

Mchongaji angeweza kuita kinyago kikapigana pembeni yake. Kikipewa zamu yake chenyewe, umeongeza mtu wa sita mkekani bila kukusudia, tena anayeongozwa na mchezaji mmoja. Sheria yetu: kinyago kinatenda kwa zamu ya mwenyewe. Mchongaji anachagua, apige yeye au kipige kinyago. Faida yake ni kwamba kinyago kinaweza kusimama mahali ambapo yeye hathubutu.

Nahodha naye ana "Amri": anatoa zamu yake ili mwenzake atende mara mbili. Hiyo inakubalika, kwa sababu zamu hazijaongezeka, zimehama. Lakini ipime kwa mwenzake mwenye pigo kubwa kuliko wote. Wakati wa Mganga wa zamani, Amri ilikuwa ni tunguri mbili kwa duru moja. Fani haipimwi peke yake tu. Ioanishe na kila nyingine iliyo mkekani na uandike jozi inayokutisha.

Hatua ya 6: Mrina Asali, mkono kwa mkono

Uhai 12, kizingiti cha adui kumpiga 8. Shoka la dadu moja kujumlisha 1, nyongeza moja ya kulenga. Kwa zamu ni 2.6, kwa pambano la duru nne ni 10.5. Yuko chini kidogo ya Msasi, nikiacha nafasi ya kitu chake mwenyewe: moshi.

Moshi hutumika mara moja kwa pambano na humgharimu zamu yake. Mazimwi waliomo ndani yake wanaona vibaya kwa duru mbili. Toleo la kwanza liliwapunguzia 2: mapigo yao kutoka 15 hadi 6 kati ya 36. Dhidi ya mazimwi watatu kwa duru mbili, moshi uliokoa uhai wa karibu 6.8, ilhali zamu aliyoitoa ilikuwa na thamani ya 2.6. Ikawa hakuna la kufikiri. Kila pambano lilianza kwa moshi, na kitu kinachotendwa kila mara kinaacha kuwa uamuzi.

Nikapunguza hadi 1. Sasa kila zimwi anashuka kutoka wastani wa 1.9 hadi 1.25 kwa duru. Wakiwa watatu, moshi unaokoa 3.75 kwa gharama ya 2.6: unalipa. Wakiwa wawili, unaokoa 2.5: sawasawa. Akiwa mmoja, ni hasara. Tazama kilichotokea mkekani: mchezaji alianza kuhesabu mazimwi, kuuliza wamesimama wapi, kusubiri duru ya pili ili wakusanyike. Aliinama juu ya mkeka akisogeza mbegu za komwe kwa kidole, ananong'ona, "Mmoja zaidi aingie, mmoja tu." Hapo nilijua fani imekaa.

Safarini, ana ndege. Warina asali wa Kiyao ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, humwita ndege anayeongoza watu kwenye mizinga kwa mlio maalumu, naye huwaongoza kweli, kisha hula nta inayobaki. Mrina anaweza kumwita mara moja kwa safari na kuuliza swali moja la mbele: maji yako wapi, nani ametangulia njia hii. Mtambaji anajibu kweli. Lakini mrina lazima amwachie ndege nta yake. Asipoacha, safari inayofuata ndege atampeleka kwenye hatari, kama wazee wanavyosimulia.

Barazani, ana asali. Akitoa kibuyu cha asali kwa mwenyeji, mazungumzo yanaanza kwa heri hata kama jana kulikuwa na ugomvi. Ni kitu kidogo, na kinatosha.

Udhaifu: moshi unahitaji moto. Mvua ikinyesha au wakiwa ndani ya dau, moshi hakuna. Hapa msaidie mchezo wako kwa kulitekeleza. Mtambaji asipoleta mvua hata siku moja, udhaifu huo ni maandishi tu, na umempa mtu nguvu bila malipo. Mimi huhakikisha udhaifu wa kila fani umegusa angalau mara moja kila baada ya jioni tatu, bila kumwonea mtu.

Hatua ya 7: Ngazi

Mhusika anapokua, ongeza kitu kimoja kwa ngazi. Wabunifu wengi, nami nilikuwemo, humwongezea mwenye dawa idadi ya dawa na nguvu ya kila dawa kwa pamoja. Tunguri nne za dadu tatu ni 42. Tunguri nane za dadu sita ni 168. Umezidisha kila upande mara mbili, matokeo yamezidi mara nne, wakati Msasi aliyeongezewa pigo peke yake amefika mara mbili. Kwenye ngazi ya kwanza wako sawa. Kwenye ya tano Msasi anabeba mizigo. Chagua: ama idadi, ama nguvu.

Ngazi tano zinatosha. Za juu zaidi huandikwa kwa hamu na hazichezwi.

Hatua ya 8: Jaribu, na uandike yaliyotokea

Kaa peke yako kwanza, rusha mapambano kumi ya fani mpya pamoja na zile za zamani. Inachukua kama saa mbili na itakuonyesha makosa makubwa. Kisha ilete mkekani kwa jioni tatu, ukitangaza wazi kwamba inajaribiwa na inaweza kubadilika, ili mchezaji asihisi amenyang'anywa.

Wakati wa kujaribu, namba za mapigo hazitoshi. Pima kwa simu zamu ya kila mtu inachukua muda gani: Mchongaji wetu alikuwa sawa kwa hesabu, ila zamu yake ilikuwa dakika nne wakati za wengine ni moja, na wenzake wakachoka. Nikampunguzia vinyago kutoka vitano hadi viwili. Andika pia kila unaposikia "mimi napitisha", na kila mtu anapoomba mwenzake amchagulie cha kufanya. Maneno hayo ni dalili kuliko malalamiko yenyewe, kwa sababu watu wetu wana staha. Wengi hawatakwambia fani yako ni mbaya.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukipunguza moshi na kuongeza uhai jioni moja, hutajua kipi kimeponya.

Hatua ya 9: Msimu wa korosho

Kuanzia Oktoba mkeka wetu hupungua. Wengine wako mashambani wanaokota korosho, wengine wanashinda maghalani na kufuatilia mnada. Wanaobaki huwa watatu, siku nyingine wawili. Hili ndilo lililonifanya nivunje sheria niliyoipenda, kwamba kila fani iwe na kitu ambacho wengine hawawezi kabisa. Mwaka tulioanza, Mganga pekee ndiye aliyeweza kutibu. Alipokwenda Newala wiki sita kuwasaidia wazazi, safari ya wahusika ilisimama.

Sasa kila kazi ya lazima inafanywa na fani mbili kwa njia mbili tofauti. Mganga anatibu papo hapo kwa tunguri. Mrina anatibu kwa asali, lakini usiku tu, wakiwa wametulia kambini, na kwa nusu ya kiasi. Nahodha anavusha watu baharini kwa haraka. Msasi anajua kuvuka mto kwa mtumbwi, polepole. Mwenye fani kuu akiwepo, kila mtu anafurahi. Asipokuwepo, jioni inaendelea kwa shida zaidi.

Kwa hiyo kabla hujaikubali fani mpya, chukua karatasi, andika kazi za lazima za simulizi yenu: kutibu, kuvusha, kufuatilia nyayo, kusoma maandishi, kuzungumza na wakubwa. Funika kwa kiganja jina la fani moja, uone ni kazi gani imebaki bila mtu. Fanya hivyo kwa kila fani. Kisha funika mbili kwa pamoja, zile za wachezaji wawili wenye mashamba.